RAM ya prosesere yenye unataka kuoverkloka (kupandisha spidi kupita ya kawaida): nunua mbili za karto moja

Bandugu benye munaanza kujenga masini, kwa RAM musikimbie namba kubwa. Mimi nilianza na bareti moja (kipande cha RAM) ya aina ya DDR4 ya 8 GB, hapa Lubumbashi, nilikuwa nafanya montaji ya video za ndoa, kiisha miezi nikaongeza ingine, marke ile ile, spidi 3200 ile ile, nikawasha XMP (mpangilio wa BIOS wenye kupandisha RAM mpaka spidi yenye iliuzwa nayo) na siku hiyo hiyo nikapandisha prosesere. Iliwaka muzuri. Siku ya tatu video ikatoka na vipande vya kijani juu ya uso wa bibi arusi! Nikashuku prosesere, nikashusha spidi, nikaongeza voltaji, wiki nzima sijui mgonjwa ni nani. Kumbe ni zile bareti, nje zinafanana lakini chipu za ndani ni tofauti.

Kwa hiyo chukua mbili za karto moja, zenye zilipimwa pamoja, usichukue nne kama mbili zinatosha, juu nne zinalemea sehemu ya prosesere yenye kusimamia memori. Mara nyingi zinaingia tundu la 2 na la 4 ukihesabu toka kwa prosesere, soma kitabu cha kartimeri yako (ubao mukubwa wenye kushika prosesere na RAM).

Sasa spidi. Watu wanaangalia 3200 ama 3600 tu, CL (mapigo yenye RAM inangojea mbele ya kujibu) wanaiacha. Chukua CL, zidisha mara 2000, gawa kwa spidi, unapata muda wa kungoja, mudogo njo muzuri: 3200 CL16 ni nanosekunde 10, 3600 CL18 ni 10 vilevile, 6000 CL30 ya DDR5 pia 10. 3600 CL16 inashuka karibu 8.9, hiyo njo ningelipia. Kwa Ryzen 5000 (prosesere za AMD) lenga 3600, hapo Infinity Fabric (njia ya data ya ndani ya prosesere) inatembea 1800 MHz sawasawa na memori, juu 3600 ni mara mbili ya mapigo yake ya kweli, ukipita sana zinaachana na unapoteza. Ryzen 7000 lenga 6000 yenye EXPO (kama XMP, lakini ya AMD). Kwa Intel angalia kartimeri kwanza: ile ya chipu B660 inakuachia kupandisha memori, lakini kupandisha prosesere yenye herufi K inaomba kartimeri ya chipu Z. Na DDR4 haiingii kwa tundu la DDR5, usisukume.

Kitu cha lazima kabisa: usipandishe vyote viwili pamoja. Acha memori kwa spidi yake ya kawaida, tafuta mwisho wa prosesere, masini ikitulia ndipo uwashe XMP (DDR4 inatoka 1.2 V, mara nyingi inaenda 1.35), halafu MemTest86 (programu ya kupima RAM) mizunguko 4, usiku, masini ikiwa kwa onduleri (UPS, betri ya akiba) juu umeme ukikatika unaanza upya. Kosa hata moja, hiyo haijapita, usijidanganye.

Na ile ulipima mwezi wa saba na baridi, pima tena mwezi wa kumi. Masini yangu ilipita safi na baridi, joto ilipofika ikatoa makosa mawili, nikashusha 3600 mpaka 3466, yakaisha.