Kufunga taa za projekta nyumbani: mambo ya kujua kabla hujashika bisibisi

Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, barabara inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na usiku humo swala, nyati na tembo huvuka lami wakati wowote. Ni huko nilikokubali kwamba taa za Corolla 110 yangu hazifai tena. Nilikuwa mwendo wa 50, macho yanauma kwa kukodoa, na nyati yule nilimwona pale tu macho yake yalipong'aa, hatua chache mbele ya bampa. Nilisimama kwa wakati. Mikono iliendelea kutetemeka mpaka Mikumi mjini.

Tangu siku ile nimefunga projekta kwenye magari manne, langu na ya jamaa zangu, yote uwanjani kwetu Kihonda, Morogoro. Kila gari lilinifundisha jambo, na mengine niliyalipia. Nakuandikia wewe unayeanza, uliyeona taa za mwenzako zinavyomimina mwanga mweupe barabarani ukasema na mimi nataka.

Cha kwanza, usifungue taa. Chukua mita, washa injini, washa taa, upime volti kwenye betri, kisha upime kwenye plagi ya balbu ikiwa inawaka. Kwangu betri ilisoma 13.9, plagi ikasoma 11.8. Volti mbili nzima zilipotea kwenye waya wa zaidi ya miaka ishirini na kwenye swichi iliyochoka. Na balbu ya halojeni ina tabia moja: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Kwa hiyo kabla hujalaumu taa, jua ni kiasi gani cha umeme kinazifikia. Kisha tazama plastiki ya mbele. Kama imekuwa ya manjano, ipige msasa wa maji, namba 800, halafu 1500, halafu 2000, ipige polishi, kisha umalizie na varnishi safi inayozuia jua. Ukiruka hiyo varnishi, baada ya miezi michache umanjano umerudi. Gari jingine nililoletewa liliishia hapo: msasa na waya mpya wenye rilei, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme, mwenyewe akashukuru, projekta hakuzihitaji tena.

Ila kama bado unataka kuendelea, elewa kwanza unachokifuata, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Taa ya kawaida ina rifleta, ile sahani ya kung'aa ya ndani, na umbo lake limepigiwa hesabu kulingana na mahali nyuzi ya balbu ya H4, ile yenye dimu na fulu pamoja, inapokaa. Ukiisogeza nyuzi kidogo tu, hesabu yote imevurugika. Ndiyo maana siungi mkono balbu za LED au zenoni za kuchomeka kwenye taa ya rifleta. Mwenye gari huona mwanga mwingi mbele yake, anafurahi, kumbe nusu yake unapaa juu na kuingia machoni mwa dereva wa lori anayekuja, au wa bodaboda asiyekuwa na kioo cha kumkinga. Hilo si jambo dogo. Mtu aliyepofushwa kwa sekunde tatu akiwa mwendo wa 80 ameshatembea mita 66 bila kuona kitu.

Projekta hufanya kazi kwa njia nyingine. Nyuma kuna bakuli linalokusanya mwanga, katikati kibati kinachozuia sehemu yake, mbele lenzi nene kama jicho la ng'ombe. Lenzi hupindua picha, kwa hiyo kibati kinachokaa chini ndicho kinachokata mwanga wa juu. Matokeo yake, ukiwasha mbele ya ukuta unaona mstari: chini yake mwanga, juu yake giza. Kazi yote ya kufunga projekta ni kazi ya mstari huo. Mwanga wenyewe upo wa kutosha. Balbu ya zenoni aina ya D2S, yenye wati 35, hutoa lumeni 3200, wakati H4 ya wati 55 kwenye dimu hutoa 1000. Shida haiwi mwanga kupungua, shida ni wapi unaelekea.

Na mstari huo haujanyooka. Kwa sisi tunaoendesha upande wa kushoto, Tanzania, Kenya na Uganda, mstari hupanda kidogo upande wa kushoto ili umulike ukingo wa barabara, watembea kwa miguu na vibao, na upande wa kulia hubaki chini kwa sababu ndiko wanakotoka wenzako. Japani nao huendesha kushoto, kwa hiyo projekta iliyong'olewa kwenye gari la soko la Japani inatufaa moja kwa moja. Kosa langu kubwa lilikuwa hapa. Gerezani, Kariakoo, niliuziwa jozi nzuri, lenzi safi kabisa, muuzaji akaniambia, "Hizi za Ulaya, kaka, zina nguvu kuliko za Japani." Sikuziwasha pale dukani. Nilipoziwasha nyumbani, ngazi ya mwanga ilipanda kulia. Zilitoka nchi ya kuendesha kulia. Kwa ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo zingekuwa halali yao, kwangu zilikuwa za kumpofusha kila ninayepishana naye. Nenda dukani na betri ndogo na kipande cha ubao mweupe, au angalau tochi kali uipachike nyuma ya bakuli. Mstari utaonekana hata kwa tochi.

Nunua projekta, balbu na balasti, kile kisanduku kinachoipa balbu ya zenoni umeme wake, zikiwa zimetoka kwenye taa moja. Balbu za zenoni za D2S na D4S hufanana kwa macho, lakini moja huendeshwa kwa volti 85 na nyingine kwa volti 42, na balasti ya moja haiifai nyingine. Na usiiguse balasti inapowasha. Ule mshindo wa kwanza wa kuiwasha balbu hupita volti 20,000.

Sasa kufungua taa. Ngoa bampa, ondoa taa, toa balbu zote, mpira wa nyuma, skrubu na klipu zote za pembeni. Ukisahau skrubu moja utaivunja plastiki. Kinachoshikilia kioo, yaani ile plastiki ya mbele, na kasha ni gundi nyeusi ya butili, nayo hulainika kwa joto. Nilimwomba dada yangu, anayeoka keki, oveni yake ya umeme. Tuliipasha mpaka nyuzijoto 115, tukaweka ubao chini ili plastiki isiguse chuma, taa ikakaa dakika nane. Ilipotoka nilivaa glavu, nikapenyeza bisibisi bapa kwenye kona ya juu na kuipinda taratibu. Gundi ikaanza kuvutika nyuzi nyuzi kama bablishi, inanuka lami, na kioo kikaachia upande mmoja, kisha wa pili. Gundi ikianza kugoma, irudishe oveni dakika nne. Usilazimishe. Baada ya hapo osha oveni, uiwashe ikiwa tupu mpaka harufu iishe, kabla keki ya mtu haijaingia humo.

Kuna taa ambazo gundi yake hailainiki hata uzipashe vipi. Hizo hukatwa, na kukata si kazi ya anayeanza. Tazama pia kioo cha mbele: kikiwa na mistari au mawimbi, projekta haitafanya kazi nyuma yake, kwa sababu mistari ile itautawanya mwanga ulioukusanya kwa shida. Utahitaji taa yenye kioo kitupu.

Usiguse rifleta kwa kidole, wala usiipanguse kwa kitambaa. Ule mng'ao ni ngozi nyembamba ya alumini, ukiipangusa inatoka na hairudi. Nilipoteza upande wa kulia wa taa ya rafiki yangu hivyo, na nikamnunulia nyingine.

Kama unaanza, tafuta projekta zile ndogo zinazopita kwenye tundu la H4 na kufungwa kwa nati kubwa upande wa nyuma. Za kung'olewa kwenye magari makubwa hutaka kukata rifleta na kutengeneza miguu ya bati, na hapo ndipo mkono usiozoea unapoharibu. Ila hata hizo ndogo zina mtego: huzunguka ndani ya tundu. Ukikaza nati bila kuangalia, mstari utainama kama bango lililolegea msumari mmoja. Mimi hufunga hivi: narudisha kasha kwenye gari bila kioo cha mbele, naegesha mahali tambarare mita 5 kutoka ukutani, nachora ukutani mstari mlalo kwa pima maji, kisha nawasha taa na kuzungusha projekta mpaka mstari wa mwanga ulale sambamba na wa chaki. Ndipo nakaza. Kisha nazima, nawasha tena, nautazama upya. Taa ya kushoto na ya kulia zote mbili, ukuta uleule, siku ileile. Fanya hivi kabla ya kubandika kioo. Ukibandika kwanza, utarudi kwa dada na taa mkononi.

Umeme. Usipitishe zenoni kwenye waya wa zamani. Chukua moto moja kwa moja kutoka betri, fyuzi iwe karibu kabisa na betri, waya wa milimita za mraba 2.5, rilei mbili. Sasa kuna jambo ambalo kwenye Toyota nyingi za zamani huwachanganya hata mafundi umeme. Tumezoea kwamba swichi huleta moto na bodi ndiyo hasi. Kwenye magari haya balbu hupata moto wakati wote taa zikiwashwa, na swichi ya dimu na fulu hukata na kuunga upande wa hasi. Rilei huamshwa kwa pini mbili, 85 na 86. Mimi niliunga 85 ya rilei ya fulu kwenye bodi kama kawaida, 86 kwenye waya nilioudhani ni wa fulu. Rilei haikulia hata mara moja. Nilikaa nayo mpaka saa nne usiku, nimebadilisha rilei, nimebadilisha fyuzi, kumbe sikuwa na moto kwenye ule waya hata chembe.

Pima hivi: toa plagi za balbu zote mbili, kushoto na kulia, maana ukiacha moja umeme utapita kwenye nyuzi yake na kukudanganya. Washa taa, hasi ya mita iwe kwenye bodi, gusa pini tatu za plagi moja baada ya nyingine ukiwa kwenye dimu, kisha ukiwa kwenye fulu. Volti 12 zikihama kutoka pini moja kwenda nyingine, gari lako ni la kawaida. Zikibaki pini ileile, ni la kukata hasi. Kwa hilo la pili, 86 ya rilei ya balasti ichukue moto kutoka pini hiyo isiyobadilika na 85 iende bodi, ili zenoni ibaki inawaka hata ukiingia fulu. Rilei ya solenoidi, kile kisumaku kinachoshusha kibati kwa ajili ya fulu, nayo 86 yake ichukue moto kutoka pini hiyohiyo, na 85 yake iende kwenye waya wa fulu. Ile tabia ya kumkonyeza mwenzako kwa fulu mchana taa zikiwa zimezimwa, iache. Kila mkonyezo ni kuiwasha na kuizima zenoni, na hilo huichosha haraka kuliko kukesha inawaka.

Kubandika kioo ni kinyume cha kufungua. Ongeza butili mpya juu ya ya zamani, pasha, bana kwa skrubu zake na vibanio, acha ipoe. Silikoni ya vyoo usiitumie, mvuke wake hutia ukungu kwenye kioo na siku ukitaka kufungua tena hutafungua. Vile vijitundu vya kupumulia nyuma ya kasha usivizibe. Watu huviziba wakidhani wanazuia maji, kisha taa inatokwa jasho kila asubuhi.

Mwisho ni kulenga. Matairi yajazwe upepo sawasawa, dereva akae kwenye kiti, tenki nusu. Pima kutoka ardhini hadi katikati ya lenzi. Kwangu ni sentimita 65. Mstari ushuke sentimita 1 kwa kila mita 1, yaani umbali wa mita 5 uwe sentimita 60 ukutani. Kwa mteremko huo unagusa lami mita 65 mbele, na anayekuja hapati kitu machoni.

Nilidhani nimemaliza. Kisha nikampeleka mama na wadogo zake Dodoma, watu watatu nyuma na buti limejaa mchele, na kuanzia Dumila kila dereva aliyekuja alinipigia fulu. Nyuma ilikuwa imekaa, pua imeinuka, na mstari umeinuka nayo. Nilisimama Gairo, nikafungua boneti, nikazungusha skrubu za kulengea nusu nusu kwa kubahatisha mpaka mwanga ukashuka. Siku hizi kila skrubu ina alama ya rangi nyeupe. Kabla ya safari ya mzigo nashusha mzunguko mmoja na nusu, nikirudi Kihonda nazungusha uleule kinyume, kisha naangalia ukuta.