Papa Bandari Anajibu: Cobh na ile meli

SWALI: Jambo Papa Bandari. Kijana wa dada yangu anafanya kazi Cork, huko Ayalandi. Amenitumia picha za mji mdogo wa bahari, Cobh, nyumba za rangi rangi zimepandana mlimani. Anasema ndiko Titanic ilikopita, basi. Mji mzima hauna habari nyingine? – Mama Z., Katuba, Lubumbashi

JIBU: Jambo sana, Mama. Titanic ilikaa pale saa mbili hivi tu, tarehe 11 Aprili 1912, na gatini haikufika. Ilitia nanga nje, karibu na Roches Point, abiria 123 wakapelekwa kwa vyombo vidogo. Alishuka Mjesuiti kijana (mtawa wa Kikatoliki), Francis Browne, kwa amri ya mkubwa wake. Ndiyo maana, ingawa meli ilizama siku chache baadaye, picha alizopiga humo ndani tunazo hadi leo.

Mimi nimekuwa karani wa bandari Kalemie, jicho langu linakwenda kwenye orodha ya abiria. Kati ya wale 123, watu 113 walikuwa wa daraja la tatu, wengi wao wahamiaji. Hao ndio Cobh yenyewe. Tangu ugonjwa wa viazi ulipoleta njaa kubwa mwaka 1845, Waayalandi walihama bila kukoma, na kati ya 1848 na 1950 watu kama milioni 2.5 waliondokea bandari hiyo. Pwani pana sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume. Msichana huyo alipanda meli hapo Desemba 1891, akawa mhamiaji wa kwanza kupokewa Ellis Island, New York.

Siku hizo mji uliitwa Queenstown, kwa heshima ya Malkia Victoria aliyeutembelea mwaka 1849. Sisi tuliozaliwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, iliyopewa jina la malkia wa Ubelgiji, hatuhitaji maelezo zaidi. Waayalandi walipokuwa wakipigana kujitoa kwa Waingereza, wakalifuta jina hilo.

Sasa mwambie kijana atafute uwanja unaoitwa Casement Square. Katikati kuna mnara wa Lusitania, meli iliyozamishwa na nyambizi ya Kijerumani Mei 1915. Walikufa karibu watu 1,200, na wengi walioopolewa wamezikwa Cobh, katika makaburi ya pamoja. Lakini soma jina la uwanja, Mama! Roger Casement, Mwayalandi, alikuwa konsuli wa Uingereza kwetu Kongo. Mwaka 1903 alipanda mto, akaandika aliyoyaona na kuyasikia vijijini: mikono iliyokatwa, wanawake waliofungwa hadi waume zao walete utomvu wa mpira. Ripoti yake ya 1904 ilichangia Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeishika Kongo kama mali yake binafsi, kunyang'anywa Kongo mwaka 1908. (Ikapewa Ubelgiji, ndiyo, si sisi.) Waingereza walimpa cheo cha heshima mwaka 1911, kisha wakamnyonga London mwaka 1916, kwa sababu alikwenda Ujerumani kutafuta silaha za kupigania uhuru wa Ayalandi. Mimi shuleni nilifundishwa Stanley, Stanley, Stanley, yule mvumbuzi aliyemfanyia kazi Leopold. Casement nilimsoma nikiwa mtu mzima.

Kutoka Cork treni inafika Cobh kwa nusu saa hivi, haipiti. Kanisa kuu la Mtakatifu Colman liko juu, mteremko ni mkali, kwa hiyo avae viatu vya maana. Na picha ya Casement Square anitumie na mimi.