Uliza Mwalimu: Fundi redio kapata 9 kati ya 40

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, mwaka wa pili kazini, katika sekondari ya kata mkoani Tanga. Mwezi uliopita niliwatungia kidato cha kwanza na cha pili chemshabongo ya sayansi, maswali 40 ya kuchagua, kila moja na majibu manne. Aliyeongoza alipata 36. Kuna kijana ambaye walimu wote tunampelekea redio zetu azitengeneze; yeye alipata 9. Wenzangu wananicheka. Karatasi naiambatanisha. Kosa ni la maswali au la kijana?
*Mwalimu kijana, Pangani*

Jibu: Marahaba mwanangu. Karatasi yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu nyekundu mkononi. Ni ugonjwa wa miaka 31 ya ubao, haujanitoka.

Tuanze na hiyo 9. Maswali 40, majibu manne manne: kuku wangu akidonoa herufi bila kusoma atapata kama 10. Kwa hiyo kijana na kuku wamelingana. Hapo usiseme hajui. Sema karatasi yako na yeye hawakukutana kabisa. Huenda alibahatisha tangu swali la kwanza. Kwa nini abahatishe mtu anayefungua redio na kuifunga bila parafujo kubaki mezani?

Nahisi ni lugha. Hadi darasa la saba alisoma sayansi kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza akakuta kila kitu kimebadilishwa jina. Mwaka mmoja nami nilitunga swali kwa Kiingereza, kama ilivyo ada: kwa nini maji ya mtungini huwa baridi? Msichana mmoja akaacha nafasi tupu. Nikamwita, akaniambia, "Mwalimu, hicho kitu sikijui." Nikamwambia ni mtungi. Akacheka hadi akashika meza. "Ah, mtungi! Si unatoka jasho? Jasho likikauka linaondoka na joto la maji." Alama 4 nilizomnyima nikazirudisha. Yule aliyekuwa amepata zote 4 alikuwa kaandika maana ya mvukizo (maji kugeuka mvuke) neno kwa neno kama ilivyokuwa ubaoni, pamoja na kosa langu la tahajia.

Wiki iliyofuata nikauliza jingine: mama kapaka mtungi wake rangi ya mafuta nje ili upendeze sebuleni, maji yatakuwaje? Darasa likagawanyika katikati. Wenye maana ya mvukizo wakapekua daftari, hawakuona rangi ya mafuta mle. Msichana wangu akasema mtungi umezibwa jasho, maji yatakuwa vuguvugu kama ya ndoo.

Maswali ya namna hiyo kwenye karatasi yako ni machache mno. Nimehesabu 27 yanayouliza nani, lipi, taja. Alama ya dhahabu ni ipi? Ni Au, haya, aliyesikia kasikia. Yabakize 10, maana mtoto anahitaji pia vitu vya kukumbuka. Hilo la dhahabu ligeuze: sonara kaletewa pete mbili zenye ukubwa uleule, moja dhahabu, moja shaba iliyochovywa, azitambueje kwa mizani bila kuzikwaruza? Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya shaba haifiki 9. Mpe tarakimu hizo, kisha uone anazifanyia nini.

Swali la 17 usiliguse, ni zuri kuliko unavyodhani. Umeuliza kwa nini mwezi hubadilika umbo, na kipotoshi B, yaani jibu la uongo la kuwatega, ni kivuli cha dunia. Nadhani wengi wamekimbilia B, na sitashangaa hata huyo wa 36 akiwemo. Kosa hilo nimelikuta kwa walimu wenzangu. Usiwasahihishe kwa kuwasomea jibu. Waulize: hilali tunaitafuta upande gani? Magharibi, mara jua linapozama. Jua liko magharibi, mwezi uko magharibi, sisi tumesimama hapa tunatazama huko. Kivuli chetu kinaangukia mashariki, nyuma yetu, kitaufikiaje mwezi? Wape dakika nzima ya kimya. Mimi nilikuwa natoka nje ya darasa kabisa, ili wasinisome usoni.

Na wewe uko Pangani, mwanangu! Watoto wa wavuvi, hata wasiojua bado kuandika majina yao, bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) wanavijua. Waulize: leo ni mwezi mwandamo, bahari ina bamvua, bamvua inayofuata ni baada ya siku ngapi, na usiku huo mwezi utakuwaje? Akikujibu kama siku 15 na mwezi utakuwa mpevu, mpe chaki achore jua, dunia na mwezi kwa siku zote mbili. Akiviweka kwenye mstari mmoja mara zote mbili, huyo kaelewa, hata kama mvutano wa jua na mwezi kwa bahari hajui kuuandika kwa Kiingereza.

Karatasi ulizokwisha kusahihisha usizitupe. Zipange kutoka aliyeongoza hadi wa mwisho. Chukua 10 za juu na 10 za chini, upite swali kwa swali ukihesabu wangapi wamepata kila upande. Swali ambalo wa chini wamewashinda wa juu huenda lina kasoro: labda ufunguo wako wa majibu umekosea, labda lina majibu mawili sahihi. (La 31 lina mawili. Tazama tena.) Swali ambalo wote 20 wamepata halikukupimia kitu, ingawa kuanza na moja la hivyo huwatuliza wenye woga.

Sasa fundi wako. Mpe betri moja ya tochi, balbu moja ndogo na kipande kimoja cha waya, kimoja tu, awashe. Wape na wale kumi wa juu vifaa hivyohivyo, kila mtu na meza yake. Lakini usimpambe kijana mapema. Akishawasha, muulize: balbu mbili zinazofanana zimefungwa moja baada ya nyingine kwenye mzunguko mmoja, ipi itang'aa zaidi? Fundi wa mtaani kwangu, aliyenifufulia feni mbili, anashikilia kwamba ni ya kwanza, eti inakula umeme kabla mwenzake hajafikiwa. Zinang'aa sawa. Kijana wako akikosea hapo, utajua pa kuanzia kumfundisha, jambo ambalo 9 kati ya 40 haikukuonyesha.

Swali: Mwalimu, mwanangu yuko kidato cha pili na upimaji wa taifa unakaribia. Nimnunulie kitabu cha maswali na majibu ya sayansi?
*Baba wa watoto wanne, Korogwe*

Jibu: Nunua, mzazi mwenzangu, ila kurasa za majibu zikate ukae nazo wewe. Jioni asome swali, akueleze jibu kwa Kiswahili mpaka ulielewe, ndipo aliandike kwa Kiingereza, maana karatasi ya NECTA itamjia kwa Kiingereza. Si lazima wewe uwe umesoma fizikia. Akikwambia "ndivyo tulivyofundishwa", mrudishe mwanzo aeleze tena. Na kukata tumia mkasi, usitumie wembe. Mimi niliwahi kutumia wembe, nikaondoka na nusu ya maswali ya kemia.