Okidi inamwagiliwa kila siku, mbona majani yanalegea?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nilizawadiwa okidi ya maua meupe, ile yenye majani mapana mazito. Maua yalipopukutika niliihamishia kwenye chungu kikubwa chenye udongo mweusi na samadi kidogo. Naimwagilia kila asubuhi, lakini majani yamelegea na kuingia mikunjo. Mizizi mingine inatokeza nje ya chungu. Niikate?
Msomaji, Tanga

JIBU: Salama, ndugu yangu. Hiyo mizizi ya nje usiiguse; huenda kwa sasa ndiyo inayoiweka hai.

Kwa maelezo yako hiyo ni Phalaenopsis. Kwao, katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, huota juu ya miti, mizizi ikiwa hewani. Haiunyonyi mti, inajishikiza tu. Mizizi yake ina tabaka la nje linalofyonza mvua kama sponji, kisha hukaushwa na upepo. Ukiifukia kwenye udongo unaotuamisha maji inakosa hewa na kuoza, na mmea uliooza mizizi haunywi. Majani yako yana kiu ilhali udongo umelowa.

Itoe leo. Suuza udongo wote, kisha bonyeza mzizi mmoja mmoja kwa vidole. Mzima ni mgumu, mweupe au wa kijani. Uliooza ni wa kahawia, unabonyea, na ukiuvuta ganda linachomoka unabaki uzi mtupu. Huo ukate kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Pakaza unga wa mdalasini kwenye makovu tu, maana mizizi mizima huikausha. Uache mmea kivulini hadi kesho yake.

Chungu kiwe kidogo, kinachoenea mizizi iliyobaki, na chenye matundu mengi. Vile vyungu vya urembo visivyo na tundu mimi sivitaki hata kuviona. Kopo la plastiki linaloonyesha ndani, ukalitoboa, ni bora zaidi. Jaza vipande vya mkaa wa kuni vya sentimita 2 hivi, uchanganye na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Kwenu makumbi hayakosi, ila yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yana chumvi: yaloweke siku mbili tatu ukibadilisha maji. Pale majani yanapoanzia pasifukiwe. Mmea ukiyumba, ufunge kwenye kijiti.

Kuhusu kumwagilia, sahau kalenda, tazama rangi. Mizizi ikiwa ya kijani, ina maji bado. Ikigeuka kijivu cha kung'aa, mwagilia mpaka yachuruzike chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Wakati wa joto inaweza kuwa kila siku 3 au 4. Masika ikapita wiki. Mwagilia asubuhi, na maji yakituama katikati ya majani yafute. Kama kisima chenu kina chumvi, kinga ya mvua.

Iweke karibu na dirisha la mashariki, mbali na jua la mchana. Samadi achana nayo. Mbolea ya maji ingoje hadi uone ncha mpya za mizizi, na hapo utumie robo tu ya kipimo cha kwenye pakiti.

Majani yaliyokwisha kujikunja pengine yasinyooke tena. Pima maendeleo kwa jani jipya. Na bua la maua likichomoza kabla mizizi haijarudi, likate bila huruma.