Daraja la Likoni haliwezi kugharimu kama la Nyali

Wapo wanaodai kwamba daraja la Likoni, pale Mombasa ambapo watu huvuka kwa feri, litagharimu sawa na Daraja la Nyali linalounganisha kisiwa na bara upande wa kaskazini. Hapana, bei haziwezi kukaribiana hata kidogo. Likoni ndio mlango wa bandari ya Kilindini, na meli za makontena lazima zipite chini. Kinachokula pesa hapo ni kimo, wala si upana wa maji. Piga hesabu: ukiacha nafasi ya mita 60 juu ya maji, na mpando uwe asilimia 5 ili malori yamudu, kila upande unataka mita 1,200 za njia ya kupandia. Jumla kilomita 2.4 za daraja juu ya nchi kavu, na fidia ya nyumba na viwanja juu yake. Njia ya kupanda kwa kuzunguka hupunguza eneo, lakini urefu ni uleule.

Kwenye faida ya daraja ndipo watu hukosea zaidi: wanahesabu kila abiria wa feri. Wengi wao ni waenda kwa miguu, na wanavuka bure. Mama mwenye kapu la samaki hataupanda mpando huo. Kwa hivyo feri itabaki, na gharama za kuiendesha zisiandikwe kama pesa zilizookolewa.