Kiuno cha rigi, niseme au nikaushe?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni kijana wa Nkuhungu hapa Dodoma, napiga kazi kwenye rigi ya gesi, ule mtambo wa kuchimba visima, kule kusini, siku 28 kazini siku 28 nyumbani, shifti masaa 12. Sasa huu mwaka wa pili kiuno kinakaza na bega la kulia linawaka nikiinua mkono. Kambini sijasema, mkataba unakaribia kuisha wasije wakanitoa. Nameza diklofenaki ya maumivu, na kuna mama mtaani ananichua. Nikirudi nasaidia shamba la zabibu Hombolo. Je nikapige emarai (MRI), kile kipimo cha picha za ndani ya mwili?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Uchovu ukilala unaisha, huo wako una mwaka wa pili kwa hiyo tusidanganyane. Pale rigini mnanyanyua zile slipsi za kushikilia bomba huku mmeinama na kiuno kimejipinda, mnavuta koleo la kufungia mabomba kwa bega lilelile, na ni kila bomba linaloingia na linalotoka, sasa hapo usitafute siku gani uliumia maana hakuna siku moja, ni ile kuinama-na-kujipinda mara mia. Halafu unakuja Hombolo unabeba mgongoni bomba la kupulizia dawa lita 16, eti likizo!

Emarai isubiri, maumivu mengi ya kiuno hayaihitaji. Ila mguu ukiisha nguvu, ukapata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukagoma au kujitokea wenyewe, usingoje kesho, kimbia Hospitali ya Benjamin Mkapa siku hiyohiyo. Vinginevyo muone mtaalamu wa fiziotherapia akupe mazoezi, na tembea, kulala kutwa kunakaza zaidi. Diklofenaki kila siku inakula tumbo na figo, na wewe unatoka jasho ndoo nzima huko.

Kuhusu kusema, siwezi kukuahidi hawatakutoa. Lakini mi ningesema, tena kwa nesi wa kambi, aandike tarehe na kazi uliyokuwa unafanya, uombe na kazi nyingine kwa muda na slipsi zinyanyuliwe na watu watatu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahusika na magonjwa ya kazini pia sio ajali tu, na mchango anatoa mwajiri, hukatwi wewe. Sasa bila karatasi utathibitishaje kiuno kiliharibikia rigini na sio kwenye zabibu?

Na huyo mama anayekuchua, mafuta sawa, ila asikukanyage uti wa mgongo.