Staa Kalipwa, Maneno Hayasikiki

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Tamthilia nyingi zinapigwa huku kwetu, ufukweni na kwenye magofu ya Kaole. Zikirushwa tunaona midomo inacheza, maneno yamemezwa na upepo. Mbovu televisheni yangu au wao? *Mama wa Dunda, Bagamoyo*

JIBU: Waaleikum salaam mama. Kama taarifa ya habari unaisikia vizuri kwenye televisheni hiyohiyo, rimoti usiiguse. Kosa ni lao, na limefanyika siku ya kurekodi.

Staa amesimama mita nne kutoka kwenye kamera, na maiki imepachikwa juu ya kamera. Lensi inaweza kuivuta sura yake karibu, lakini sauti inabaki kulekule aliko. Upepo nao unapiga maiki na kutoa mngurumo ambao kompyuta haiutoi bila kula na sauti ya mtu, ndiyo maana msemaji anasikika kama yumo ndani ya pipa. Kisha wanamwaga kinanda juu yake ili kuficha, na hata yale maneno machache yaliyosalia yanazama.

Dawa yake inajulikana. Maiki ya kifuani ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, ivikwe manyoya yake ya kuzuia upepo, maana sponji peke yake haifui dafu ufukweni. Kitambaa kikavu kama kitenge kipya kinachakarisha, kwa hiyo maiki ishikizwe kwa plasta ili isisuguane na nguo, halafu mwigizaji ageuze shingo na kutembea kidogo kabla hamjaanza. Kichujio cha kukata sauti nzito kiwekwe hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 hadi 100. Maongezi ya kawaida yacheze karibu na desibeli −12 kwenye kipimo cha kinasa sauti, ili mtu akipiga ukelele isifike 0, ambayo ndiyo kikomo. Sauti ikishapasuka haishoneki. Na lazima awepo mtu aliyevaa hedifoni mwanzo hadi mwisho wa kila tukio, kazi yake iwe hiyo tu. Kabla ya kufungasha vyombo, wote wanyamaze sekunde 30 na sauti ya mahali pale irekodiwe. Bila hiyo utasikia mawimbi yanakatika na kurudi kila picha inapokatwa.

Upepo wa bahari kwa kawaida hushika kasi mchana, hivyo matukio ya maongezi yapigwe asubuhi mapema. Lakini staa anafika saa tano akitoka kupambwa! Fedha ya wigi na magauni ipo, ya fundi sauti haipo. Huko ni kumdharau mtazamaji.

SWALI: Kwa nini wanachukua watu wenye wafuasi wengi Instagram, na Bagamoyo kuna chuo cha sanaa? *Kijana wa Ngamiani, Tanga*

JIBU: Kwa sababu wadhamini wengi huuliza idadi ya wafuasi kabla ya kuuliza hadithi. Ni hesabu mbovu, ndugu yangu. Kupenda picha ya mtu ni kubonyeza mara moja, kumfuatilia wiki baada ya wiki ni jambo jingine. Chuo hicho, ambacho sasa ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kipo tangu 1981, na wahitimu wake wanaachwa wakicheza majirani na walinzi wa geti.

Ukitaka kumjua mwigizaji, mtazame asiyezungumza. Anayeijua kazi anasikiliza, na uso wake unabadilika kabla ya zamu yake. Staa wa kubebwa anangoja mwenzake amalize huku akirekebisha ushungi, na picha ikikatwa ushungi umehama bega.

Watayarishaji wampe mtu kurasa mbili zenye kilio usiku wa kuamkia usaili. Akishacheza, aambiwe arudie maneno yaleyale bila kulia. Akirudia kilio kilekile, wasimchukue, hata awe na wafuasi milioni.

SWALI: Filamu za nje muziki unatikisa nyumba, maneno ni minong'ono. Nifanyeje? *Msomaji wa Raskazone, Tanga*

JIBU: Hapo rimoti ishike. Kwenye mipangilio ya sauti ya king'amuzi, ukikuta Dolby Digital badilisha iwe stereo au PCM. Katika sauti ya 5.1, iliyopangwa kwa spika sita, maneno mengi hupita spika ya katikati, ambayo televisheni yako haina. Zima pia "surround" ya televisheni yenyewe, na kama imezama ndani ya kabati, isogeze mbele. Spika nyingi ziko chini au nyuma, na mbao zinazimeza.